Je, gemu za ZX Spectrum zilikuwa nzuri kweli, au ni ujana tu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Baba mdogo alisoma Uingereza miaka ya 80, akarudi Tanga na kompyuta ndogo nyeusi yenye vibonye vya mpira, ZX Spectrum ya 48K, pamoja na kanda kumi na mbili. Kumi zina majalada ya kuchapwa, mbili zina mwandiko wake tu. Alifariki mwaka jana na sanduku limekuja kwangu. Nimetazama video za gemu hizo mtandaoni, na kusema kweli nimeona vijitu vya rangi mbili vinarukaruka. Wanangu walicheka. Lakini baba mdogo alikuwa akizisimulia kama mtu anayesimulia fainali ya mpira. Je, zilikuwa nzuri kweli, au alikuwa anaukumbuka ujana wake? Na nikitaka kuzicheza nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza baba mdogo.

Gemu nyingi za Spectrum zilikuwa mbovu, hilo nakubali mapema. Zilitoka kwa maelfu, na zilizo nyingi ziliandikwa haraka, zikauzwa haraka na kusahaulika haraka. Lakini zilikuwapo chache, labda dazeni mbili kwa hesabu yangu, ambazo zilikuwa nzuri siku ile na ni nzuri mpaka leo, hata kwa mtu ambaye hakuwa amezaliwa. Video haiwezi kukuonyesha hilo. Video inaonyesha picha, na picha ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika mashine ile. Ukitaka kuona alichokuwa akiona baba yako mdogo, itakubidi kwanza uijue mashine yenyewe, hasa mapungufu yake, kwa sababu kila gemu nzuri ya Spectrum ni jibu la mtu fulani kwa pungufu fulani.

Nilikutana nayo mwaka 1984 nikiwa mwanafunzi Leeds. Nilinunua iliyotumika kwa mwanafunzi mwenzangu, na kwa mwaka mzima iliishi juu ya sanduku la nguo kando ya kitanda. Kwa hiyo mimi pia nina ujana wangu ndani ya jambo hili. Nitajitahidi kukuambia tu yale ambayo unaweza kuyathibitisha kwa mikono yako mwenyewe.

Spectrum ilitolewa Aprili 1982 na Sinclair Research, kampuni ya Clive Sinclair iliyokuwa Cambridge. Yenye memori ya 16K (K moja ni baiti 1,024, na baiti moja inatosha kuhifadhi herufi moja) iliuzwa pauni 125 na ya 48K pauni 175, wakati kompyuta ya BBC iliyokuwa ikitumika mashuleni Uingereza iligharimu zaidi ya pauni 300. Bei hiyo ilipatikana kwa kupunguza kila kilichoweza kupunguzwa. Kibodi ni kipande kimoja cha mpira juu ya karatasi laini ya plastiki yenye mistari ya kupitisha umeme. Haina skrini yake, unaiunganisha na televisheni. Haina diski, programu zinahifadhiwa kwenye kanda ya kawaida ya redio kaseti. Na haina chombo cha muziki wala chombo cha kusogeza picha, kama zilivyokuwa navyo kompyuta nyingine za wakati ule. Kuna prosesa moja tu, Z80, inayokwenda kwa megahezi 3.5, na hiyo ndiyo inayofanya kila kazi ndani ya nyumba: inachora, inapiga sauti, inasoma kibodi na inasikiliza kanda.

Hebu tuanze na rangi, kwa kuwa hapo ndipo wanao walipocheka.

Skrini ya Spectrum ina nukta 256 kwa upana na 192 kwa urefu. Zidisha, utapata nukta 49,152. Kama kila nukta ingepewa rangi yake kutoka rangi kumi na sita, picha moja ingekula baiti 24,576, yaani nusu kamili ya memori yote ya 48K. Kwenye ile ya 16K isingeenea kabisa. Basi wahandisi wa Sinclair wakafanya hivi: nukta zikahifadhiwa bila rangi, kila moja ni ndiyo au hapana, kwa baiti 6,144. Kisha skrini ikagawanywa katika visanduku 768, kila kimoja nukta nane kwa nane, na kila kisanduku kikapewa baiti moja tu ya rangi: rangi moja ya wino na rangi moja ya karatasi. Jumla ni baiti 6,912 kwa picha nzima yenye rangi. Picha moja ya harusi unayotumiwa kwa WhatsApp huwa ni kubwa kuliko memori yote ya mashine hii.

Matokeo yake ni kwamba ndani ya kisanduku kimoja haziwezi kukaa rangi tatu. Mtu mweupe akipita mbele ya mti wa kijani, ama mti unageuka mweupe pale alipo, ama mtu anageuka kijani. Watu walikuita huko kugongana kwa rangi, na ndiyo alama ya Spectrum kama vile kovu lilivyo alama ya mtu. Hapo ndipo unaweza kuanza kutofautisha mwandishi wa gemu mzembe na mwandishi hodari. Mzembe aliacha rangi zigongane ovyo. Hodari aliipanga gemu yake yote kuanzia hapo.

Nadhani moja kati ya kanda zako kumi ni Manic Miner, kwa kuwa ilikuwa vigumu kuwa na Spectrum bila kuwa nayo. Ilitoka mwaka 1983. Aliiandika kijana wa miaka 17, Matthew Smith, ikatolewa na Bug-Byte ya Liverpool. Wewe ni mchimba madini anayeitwa Willy, na kuna mapango ishirini. Katika kila pango unakusanya vitu vilivyowekwa huku na huku, kisha unakwenda mlangoni kabla hewa haijaisha. Kuna viumbe wanaokwenda na kurudi. Ukiguswa, umekufa. Una maisha matatu.

Ukiisikia hivyo utasema ni jambo dogo. Lakini angalia jinsi Willy anavyoruka. Akishanyanyua miguu huwezi kumgeuza hewani. Mruko una urefu ule ule na upana ule ule siku zote, na viumbe nao wanakwenda njia ile ile kwa mwendo ule ule, hawabahatishi hata mara moja. Pango zima liko mbele ya macho yako tangu sekunde ya kwanza. Hakuna kinachotokea kwa ghafla, hakuna kilichofichwa. Ukifa, ni kwa sababu ulihesabu vibaya. Mtu aliyezoea bao ataelewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote: kete zote ziko wazi, na kila unapoingiza mkono unajua, au ulipaswa kujua, zitaishia shimo gani. Nimewahi kumkalisha kijana wa kidato cha pili mbele ya pango la kwanza. Alikufa mara tisa, akanyamaza, akaanza kuhesabu hatua kwa midomo. Hapo nikajua ameingia.

Kisha kuna muziki. Nimesema Spectrum haina chombo cha muziki. Ina spika ndogo ambayo prosesa inaweza kuisukuma mbele au kuivuta nyuma, basi. Ili kupata noti, prosesa inabidi iisukume na kuivuta mamia ya mara kwa sekunde kwa mpangilio sawasawa, na wakati inafanya hivyo haiwezi kufanya jambo jingine lolote. Ndiyo maana gemu nyingi za mwanzo zilikuwa bubu, zikitoa mlio tu unapokufa. Smith alikata wimbo wa Grieg, mtunzi wa zamani wa Norwei, vipande vidogo sana. Gemu inachora kidogo, inapiga kipande cha noti, inachora tena, inapiga tena. Ukisikiliza kwa makini utasikia noti zinakwaruza, kama mtu anayeimba huku akikimbia. Huo mkwaruzo ni sauti ya prosesa moja ikifanya kazi mbili kwa zamu. Miaka mitatu baadaye kijana mwingine, Tim Follin, aliifanya spika hiyo hiyo itoe sauti kadhaa kwa pamoja katika gemu ya Agent X, lakini yeye aliisimamisha gemu kabisa muziki ukichezwa. Wote wawili walikuwa na prosesa moja. Mmoja aliigawa, mwingine akaipa kazi moja tu.

Mwaka 1984 Smith alitoa ya pili, Jet Set Willy, safari hii kupitia kampuni ya Software Projects. Willy ametajirika, amenunua jumba, amefanya sherehe, na mtunza nyumba wake Maria hamruhusu kwenda kulala mpaka aokote vitu vyote vilivyotapakaa. Vyumba ni sitini na unakwenda unakotaka. Kwa wakati ule, kuweza kutoka chumba kimoja na kuingia kingine bila kulazimishwa njia, na kila chumba kina jina lake la ajabu chini ya skrini, kulikuwa kama kupewa funguo za mji.

Lakini gemu hiyo haikuweza kumalizika. Kuna chumba cha darini, na ndani yake kuna mshale unaoruka. Mshale ule ulipotoka nje ya mpaka wa skrini uliendelea kuandika ndani ya memori, ukaharibu data za vyumba vingine. Ukishaingia darini, vyumba ambavyo vilikuwa salama vinakuua mara tu unapoingia. Kampuni mwanzoni ilisema ni makusudi, kwamba vyumba hivyo vimejaa gesi ya sumu. Baadaye marekebisho yalitolewa: mistari michache ya kuingiza namba sahihi mahali palipokosewa kabla ya kuanza kucheza. Mimi hilo ndilo lililonifungua macho. Nilikuwa nimeamini gemu ni kitu kilichofungwa, kama redio. Nilipoandika namba zile na dari likapona, nikaelewa kwamba ndani mle ni namba tu, na namba naweza kuzigusa. Kazi yangu yote iliyofuata ilianzia hapo.

Kama Jet Set Willy imo sandukuni mwako, fungua jalada uangalie kama kuna kadi yenye miraba ya rangi. Gemu ikishapakia inakuuliza rangi za mraba fulani, na bila kadi haifunguki. Ilikuwa njia ya kuzuia watu kunakili, kwa sababu mashine za fotokopi za mitaani zilitoa nyeusi na nyeupe. Vijana wakanakili kadi kwa kalamu za rangi, mstari kwa mstari. Nami nilikuwa mmoja wao, kumsaidia rafiki aliyepoteza ya kwake.

Sasa Knight Lore, ambayo kwangu ndiyo kilele. Ilitoka mwishoni mwa 1984, kazi ya kampuni ya Ultimate iliyokuwa mji mdogo wa Ashby-de-la-Zouch, chini ya ndugu wawili, Tim na Chris Stamper. Ukiitazama kwenye video utaona chumba cha rangi moja chenye mawe. Simamisha video hiyo. Angalia kona za chumba: unatazama kutoka juu pembeni, unaona sakafu, unaona kina, unaona jiwe limekaa juu ya jiwe na mtu amejificha nyuma yake kwa usahihi kabisa. Wakati gemu nyingine zilikuwa kama picha zilizobandikwa ukutani, hii ilikuwa chumba. Unaweza kusukuma meza, kupanda juu yake na kufikia kitu kilicho juu. Na kila vitu vikipishana, prosesa ile moja inabidi iamue kipi kiko mbele, ikate umbo la kilicho nyuma, ichore upya. Vitu vikiwa vingi chumbani, utaona gemu nzima inakwenda taratibu. Hiyo ni hesabu, inafanyika mbele ya macho yako.

Na rangi? Ndugu hao walikataa vita hiyo. Chumba kizima rangi moja, chumba kinachofuata rangi nyingine. Hakuna kinachogongana kwa sababu hakuna cha kugongana. Halafu wakatumia weusi uliobaki kama giza, na giza likawa ndiyo hadithi: shujaa amelaaniwa, jua likizama anageuka mbwa mwitu huku akijikunyata na kutetemeka, na ana siku 40 za kupata dawa kwa mchawi. Nakumbuka tulikuwa watu wanne chumbani mara ya kwanza alipogeuka, na hakuna aliyesema neno. Wenyewe walikuja kusema kwamba Knight Lore ilikuwa tayari kabla ya gemu yao ya Sabre Wulf, wakaificha, kwa kuwa waliona watu wakishaiona hawatanunua tena gemu za aina ya zamani. Wengine waliiga mtindo huo kwa miaka. Aliyefika mbali zaidi ni Jon Ritman, akishirikiana na mchoraji Bernie Drummond, katika Head Over Heels ya 1987. Ukimaliza Knight Lore, nenda huko. Ni pole zaidi kwa mgeni, nayo ina uchangamfu mwingi.

The Lords of Midnight, ya Mike Singleton, ya 1984 pia, ni ya mtu mwenye subira. Hakuna kuruka humo. Kuna nchi yenye theluji, adui aliye kaskazini, na wewe unaanza na watu wanne. Unasimama mahali, unatazama upande mmoja kati ya nane, na unaona milima, misitu na minara jinsi ilivyo kutoka hapo ulipo. Mahali pa kusimama ni takriban 4,000, kwa hiyo mandhari ni kama 32,000. Kwa mashine ambayo picha moja tu inakula karibu baiti 7,000, hilo halikuwezekana kwa kuhifadhi picha. Singleton hakuhifadhi picha. Alihifadhi ramani, na michoro michache ya mlima, mti, mnara, kwa ukubwa tofauti kulingana na umbali, na kila unapogeuza shingo gemu inaipanga picha upya. Ukiuona mlima mdogo kwenye upeo wa macho na ukatembea siku mbili kuelekea huko, utaukuta mkubwa mbele yako, mahali pake hasa. Unaweza kushinda kwa kukusanya majeshi na kupigana, au kwa kumtuma kijana mmoja, Morkin, peke yake mpaka kwenye taji la barafu la adui ili liharibiwe. Au ujaribu yote mawili. Nilikuwa na daftari lenye ramani niliyochora mwenyewe, na naamini kabisa baba yako mdogo, kama aliicheza, alikuwa na lake. Litafute kati ya karatasi zake.

Skool Daze nitaigusa haraka, ingawa watoto wako huenda wakaipenda kuliko zote. Ni shule. Kuna walimu, kengele, vipindi, na wewe ni Eric, mtoto anayetaka kuiba ripoti yake mbaya kutoka kwenye sefu ya ofisi ya walimu. Walimu na wanafunzi wanaendelea na siku yao uwe hapo au usiwepo, na ukikamatwa unapewa mistari ya kuandika; ikifika 10,000 umefukuzwa shule. Kabla ya kuanza unaruhusiwa kubadilisha majina ya walimu. Huhitaji kuambiwa vijana waliandika majina gani.

Na ikiwa imo Daley Thompson's Decathlon, iliyoitwa kwa jina la bingwa wa Olimpiki wa 1980 na 1984, usiicheze kwenye mashine hiyo. Mbio humo hukimbiwa kwa kubonyeza vibonye viwili kwa zamu haraka uwezavyo, na iliua kibodi nyingi sana zilipokuwa mpya. Hiyo yako ina miaka arobaini.

Kuhusu zile mbovu, sitakuchosha. Kulikuwa na gemu zilizobeba jina la filamu kubwa na ndani hamna kitu, na kulikuwa na rundo la kanda za pauni 1.99 kwenye maduka ya magazeti. Lakini hata katika hizo za bei ndogo kulikuwa na lulu, kama ya ndugu wa kina Oliver, mapacha, waliomtengeneza Dizzy, yai linalotembea na kutatua mafumbo, mwaka 1987. Kijana mwenye pauni mbili alistahili kitu kizuri, na mara nyingine alikipata.

Sasa mashine yenyewe. Usiichomeke ukutani leo. Plagi ya Uingereza inaingia kwenye soketi zetu na umeme wetu unaifaa, na hilo ndilo linalofanya watu waharakishe. Mpelekee fundi wa redio mwenye multimita apime adapta kwanza. Ni ya volti 9, na hasi iko katikati ya plagi, kinyume na adapta nyingi za siku hizi. Ukiazima adapta ya router ukaichomeka unaweza kuiua hapo hapo. Mwambie pia kuwa theluthi ya chini ya memori, ile 16K ya kwanza, ni chipu zinazohitaji volti tatu tofauti, na umeme mmoja ukikosekana chipu huweza kuungua. Kibodi usiivute unapofungua kasha. Utepe wake wa plastiki umekauka kwa miaka na huvunjika kama biskuti. Ukivunjika, mpya zinapatikana kwa kuagiza.

Spectrum hutoa mawimbi ya televisheni, chaneli ya 36 ya UHF. Yaani yenyewe ni kituo kidogo cha kurusha matangazo. Nafikiria baba yako mdogo aliporudi Tanga: bara hapakuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 70. Kama alikuwa na TV ndani, basi huenda kwa miaka kadhaa kitu kilichoonekana mara nyingi juu ya kioo chake kilikuwa ni Manic Miner. Televisheni ambazo bado hupokea mawimbi ya zamani ya analogi huweza kuipata ukitafuta chaneli kwa mkono. Zikikataa, fundi anaweza kutoa waya wa picha moja kwa moja, ni kazi ya nusu saa.

Ikiwaka, utaona maandishi ya hakimiliki ya 1982 chini ya skrini. Bonyeza J, litatokea neno zima LOAD. Shika SYMBOL SHIFT ubonyeze P mara mbili upate alama mbili za kunukuu. Bonyeza ENTER, kisha washa kanda. Kingo za skrini zitakuwa na mistari minene ya nyekundu na samawati, halafu mistari myembamba ya buluu na njano: hiyo ni prosesa inakuonyesha inachosikia. Gemu ya 48K huchukua kama dakika tano. Picha itajichora kwa namna ya ajabu, mstari mmoja hapa na mwingine pale, theluthi kwa theluthi, kama mkeka unavyosukwa, na mwishoni kabisa rangi zitamwagika kutoka juu kwenda chini. Ni zile baiti 768 za visanduku. Waite watoto waone hapo.

Kama hutaki kusubiri fundi, pakua Fuse, programu ya bure inayoiga Spectrum kwenye kompyuta ya kawaida. Kampuni ya Amstrad, iliyoinunua biashara hiyo kutoka kwa Sinclair mwaka 1986 kwa pauni milioni 5, iliruhusu programu kama hizo zibebe ROM ya Spectrum, yaani programu ya msingi iliyofungwa ndani ya mashine. Knight Lore na za Ultimate nyingine zimo pia kwenye Rare Replay, mkusanyiko wa gemu wa Xbox One, kwa kuwa Ultimate ndiyo iliyokuja kuwa kampuni ya Rare. Anza na Manic Miner, mapango matatu tu. Usimpe mtoto zaidi ya hapo siku ya kwanza.

Jambo la mwisho ndilo la haraka kuliko yote. Kanda kumi za kuchapwa hazina wasiwasi. Nakala zake ziko kote duniani. Hizo mbili zenye mwandiko wake usizitie kwenye redio yoyote ile iliyokaa stoo. Redio mbovu hutafuna kanda. Tafuta deki nzima, safisha kichwa chake kwa spiriti na pamba, na mara ya kwanza kabisa unapozipiga, iwe ni kuzirekodi kwenye kompyuta ya kawaida kama sauti, pande zote mbili, bila kubanwa kuwa MP3. Ukishakuwa na rekodi hiyo, iingize kwenye Spectrum kwa waya kutoka kompyuta kwenda tundu lililoandikwa EAR, sauti ikiwa juu.

Zinaweza kuwa nakala za gemu za marafiki zake tu. Lakini wengi wenye Spectrum waliandika programu, kwa sababu mashine ile ikiwaka haikupi kitu kingine isipokuwa mahali pa kuandika. Kama aliandika na kuhifadhi, basi kanda ikianza kusomwa skrini itaonyesha neno Program na mbele yake jina alilolipa mwenyewe, lisilozidi herufi kumi. Ikimaliza, bonyeza K, neno LIST litokee, kisha ENTER, na utasoma alichoandika, mstari kwa mstari. Ukilipata jina hilo, tafadhali niandikie uniambie ni lipi.